Mashairi ya Mambo Leo ni Mali Yetu

Yapo maneno yanayosemwa katika vikao vya vijana, na hata katika madarasa ya vyuo, kwamba mashairi yaliyochapwa katika magazeti ya Serikali ya Kikoloni ni takataka za mkoloni, na kwamba nchi huru haina haja nayo. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao wanaipenda nchi yao, nao wamechoshwa na kila kitu chenye harufu ya Gavana. Lakini twaona wamelihukumu shamba kwa jina la mwenye hati, wala hawakumtazama aliyelilima. Sisi twasema kinyume chao, na twawaomba wanachama na wafanyakazi watusikilize, maana jambo hili linawahusu wao kuliko linavyowahusu maprofesa.

Gazeti linalolaumiwa kuliko yote ni Mambo Leo. Lilianza kutoka Dar es Salaam mwezi Januari 1923, likitolewa mara moja kila mwezi na Idara ya Elimu ya Serikali ya Tanganyika. Waingereza walikuwa wameichukua nchi kutoka kwa Wajerumani baada ya vita, nao walihitaji chombo cha kusema na watu waliowatawala. Hawakuwa wa kwanza kwa hilo. Wajerumani walikuwa na Kiongozi, lililochapwa katika shule ya Serikali pale Tanga, na wamisionari walikuwa na magazeti yao, kama Pwani na Bara. Kusudi la Mambo Leo halikufichwa. Lilifundisha kilimo, usafi, kulipa kodi na utii. Hatuna sababu yoyote ya kulitetea. Lilikuwa gazeti la mtawala, na mtawala hachapi gazeti ili ajipinge mwenyewe.

Hata hivyo gazeti haliwezi kujazwa kwa mashauri ya Bwana Shauri peke yake. Lazima liwe na kitu cha kumfanya karani wa Lindi au mwalimu wa Bukoba atoe senti zake na kungojea toleo la mwezi ujao. Kitu hicho kilikuwa barua za wasomaji, na mashairi yao. Serikali ilifungua mlango huo kwa faida yake yenyewe, na waliopita mlangoni walikuwa watu wa mishahara midogo: makarani wa boma na wa forodha, walimu wa shule za misheni na za Serikali, matarishi, wafanyakazi wa reli na posta, askari. Hawakulipwa chochote cha kusemwa. Walinunua karatasi, wakanunua stempu, wakatuma tungo zao Dar es Salaam, kisha wakakaa kungoja kama zitatoka au zitatupwa.

Na tuangalie walichokifanya ndani ya safu zile nyembamba. Kabla ya hapo shairi la Kiswahili lilikuwa mali ya pwani. Liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, likanakiliwa kwa mkono, likaimbwa barazani na harusini, na mtu wa bara aliyetaka kulijua alihitaji mwalimu wa Lamu, Mombasa au Unguja. Gazeti lililipiga chapa kwa herufi za Kirumi, kwa Kiswahili kile kilichojengwa juu ya Kiunguja, ambacho Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipewa kazi ya kukisimamia tangu 1930. Mshororo wa mizani kumi na sita, uliogawanyika nane kwa nane, ulikaa vizuri katika safu ya gazeti. Kina cha kati kikasimama chini ya kina cha kati, na kina cha mwisho chini ya mwenzake, na mtu asiyejua neno moja la Kiarabu akaweza kuyahesabu kwa kidole. Watu waliokaa mbali na bahari walijifunza utunzi kwa kukata kurasa hizo na kuzihifadhi. Gazeti la mkoloni likawa, bila ya mkoloni kukusudia, chuo cha ushairi kisicho na ada.

Matunda ya chuo hicho twayajua. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo na Mkatoliki, mtoto wa nchi kavu ya Dodoma, mwalimu kisha karani wa Serikali. Alikuja kutoa Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, na hakuna mtu wa Mvita aliyeweza kumwambia kwamba hajui vina. Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954 alitoa kule Nairobi kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kilikuwa kitabu cha kumsaidia mtunzi wa kawaida, maana watunzi walikuwa wamekuwa wengi na sheria zilijulikana na wachache. Saadani Kandoro naye ni mtoto wa Ujiji. Mgogo mmoja na watu wawili wa Kigoma: ndio wakawa mabingwa wa mtindo uliosemwa kwamba hauwezi kutoka nje ya pwani. Sisi tuliosoma shule za misheni tulianza kujua mizani kwa nyimbo za kanisa, zilizofasiriwa kufuata muziki wa Kizungu, ambamo neno hukanyagwa mahali pasipo pake hata mwimbaji akaona haya. Mtu aliyekulia humo akikutana na shairi la Mambo Leo huona mara moja tofauti ya nguo ya kuazima na nguo iliyokatwa kwa kipimo chake.

Jambo hili si la urembo tu. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuta lugha ambayo Mhaya, Mnyamwezi, Mzaramo na Mchagga walikuwa wamekwisha kubishana, kusifiana na kutaniana ndani yake kwa miaka thelathini, kwa maandishi, mbele ya macho ya nchi nzima. Mtu wa Mwanza aliuliza fumbo katika toleo la mwezi mmoja, mtu wa Tanga akalijibu baadaye kwa vina vile vile, na wa tatu akaingia kuwapatanisha au kuwachochea. Hawakupata kuonana kwa macho. Nchi ambayo mkoloni aliitawala kwa kuigawa kikabila ilikuwa na ukurasa mmoja ambao kabila la mtunzi halikuwa na kazi. Viongozi waliosimama jukwaani baadaye na kusema Kiswahili tangu Kigoma hata Mtwara bila mkalimani hawakuukuta uwanja huo mtupu.

Sasa tumtazame mtunzi aliye mkuu wao, maana kesi yote yaweza kusikilizwa juu yake. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa Forodha. Baadaye alihamishiwa Idara ya Mifugo, kisha akarudi Tanga kufanya kazi katika ofisi ya Wilaya, na mwisho katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Yaani karibu maisha yake yote ya utu uzima alikula mshahara wa Serikali ya Kikoloni, na mashairi yake tangu miaka ya 1930 yalitoka katika gazeti la Serikali hiyo. Alipewa nishani ya Kiingereza ya MBE. Alitunga utenzi mrefu wa vita vya 1939 hata 1945, ambamo yuko upande wa Waingereza na wenzao dhidi ya Hitler. Mwenye kutaka kumshtaki ana ushahidi wa kutosha, na sisi hatutauficha hata chembe.

Lakini ushahidi lazima usomwe wote. Utenzi ule aliuita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Neno hilo tulitazame vizuri. Waingereza walikuwa wakiwaambia Waafrika kwamba vita ni vya uhuru, kwa sababu walihitaji askari, mpira, katani na chakula. Vijana wa Tanganyika walikwenda kupigana hata Burma kwa neno hilo. Karani wa Tanga alilichukua neno jinsi lilivyotolewa, akaliandika juu ya utenzi wake, akaliacha hapo. Utenzi wenyewe ulitoka kama kitabu mwaka 1967, mwandishi akiwa amekwisha kufariki mwaka 1962, na nchi ikiwa imekwisha kujitawala. Je, aliyeliandika neno lile alikuwa akimsifu Mwingereza, au alikuwa akimwekea deni? Twaamini kwamba yote mawili yamo. Mtu aweza kumchukia Hitler kwa moyo wake wote na bado akataka kujua kama uhuru uliopiganiwa Ulaya utafika Tanga.

Yapo pia mambo ambayo nishani haiwezi kuyaeleza. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958, ambazo zilitolewa kuwa kitabu mwaka 2002, zinamwonyesha mtu wa kazi: mtu mwenye jamaa wa kutunza na mshahara usiotosha, anayehangaika na wachapaji wa vitabu na malipo yao. Diwani yake ya Pambo la Lugha haikupata mchapaji hapa kwetu. Ilipigwa chapa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika nchi ambayo wakati ule ule ilikuwa ikifanya ubaguzi wa rangi kuwa sheria. Kitabu cha mshairi mweusi aliyeandika juu ya rangi na utu wa binadamu kilitoka huko. Twalitaja jambo hili kwa wale wapendao kuhukumu maandishi kwa kuuliza mtambo ni wa nani. Kama hiyo ndiyo sheria, basi Pambo la Lugha ni kitabu cha makaburu, nasi twapaswa kukichoma. Hakuna mwenye akili timamu atakayekubali.

Ni lazima pia kukumbuka karani alikuwa amefungwa kwa kamba gani. Tarehe 1 Agosti 1953 Serikali ilitoa waraka namba 5 uliowakataza wafanyakazi wake wasiwe wanachama wa vyama vya siasa. Karibu kila Mwafrika aliyesoma wakati ule alikuwa mfanyakazi wa Serikali, kwa hiyo waraka ule uliwakata wasomi na wenzao kwa pigo moja. Ndiyo maana katika miaka ya kwanza ya TANU kadi zilinunuliwa kwa wingi na wakulima, wachuuzi, madereva na akina mama, wakati karani alikaa kimya mezani kwake. Karani huyo angefanya nini? Angeacha kazi, kama wachache walivyofanya, au angetafuta pembe ya kusemea. Pembe moja ilikuwa shairi, hasa shairi lililotiwa sahihi kwa jina la kupanga.

Tusije tukatia chumvi. Hatusemi kwamba kila shairi la ndege na mtego lilikuwa wito wa mapinduzi. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwezi Septemba 1947, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara, si kwa shairi la Mambo Leo waliitana. Gazeti la Serikali halikuwa mahali pa kutangaza mgomo, na anayelisoma akitafuta sauti ya makuli atapoteza siku yake. Kwa mambo kama hayo lilikuwako Kwetu, gazeti la Erica Fiah, lililoanza 1937, la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah aliyaandika wazi yale ambayo wengine waliyazunguka, na twafikiri nchi hii haijamlipa heshima inayomstahili.

Na kusema wazi kulikuwa na bei yake. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa Serikali, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Mwaka huo huo wahariri wawili wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walipelekwa gerezani kwa kosa la kuandika. Asiyekuwa na Chama nyuma yake cha kumchangia shilingi hizo alijifunza kusema kwa fumbo.

Saadani Kandoro ni mfano bora wa ujuzi huo. Yeye hakuwa mtu wa kujificha: alifanya kazi ya TAA katika Jimbo la Ziwa, na alikuwa mmoja wa wale kumi na saba waliokiunda chama cha TANU pale Dar es Salaam. Katika Mashairi ya Saadani, kitabu chake cha 1972, limo shairi la siafu na nyoka. Nyoka ni mkubwa, ana sumu, amejilaza mahali pasipo pake. Siafu ni wadogo, lakini ni wengi na wamekubaliana. Hakuna jina la mtu humo, wala la Serikali, wala la Chama. Hakimu akiulizwa kosa liko wapi ataona wadudu na mnyama atambaaye. Mkulima wa pamba aliyesomewa shairi hilo hakuhitaji kuelezwa nyoka ni nani. Katika nchi hii kila mtoto amekwisha kuwaona siafu wakimtoa mwenye nyumba usiku, na anajua kwamba si ukubwa unaomfukuza mtu bali idadi. Hiyo ndiyo kazi ya fumbo: linamwacha msikilizaji akamilishe sentensi mwenyewe, na sentensi aliyoikamilisha mtu mwenyewe haiwezi kukamatwa na polisi.

Mwenzake Amri Abedi alichaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, na baada ya Uhuru akawa Waziri katika Serikali ya nchi yetu, hata alipofariki mwaka 1964. Basi wale wasemao kwamba ushairi wa enzi ya ukoloni ulizaa vibaraka watueleze jinsi ulivyomzaa meya huyu na mwanzilishi yule.

Wasifu walikuwako, naam. Katika magazeti ya wakati ule zimo tungo za kumsifu Mfalme, za kumpokea Gavana na za kumuaga Bwana D.C. aliyehamishwa. Nyingine ni za unafiki mtupu, na kina chake chenyewe kinaona haya. Nyingine ziliandikwa kwa moyo, na watu waliodhani kwamba dunia itakuwa hivyo siku zote. Wapo wanaosema kwamba ikiwa mashairi haya yatakusanywa, basi za namna hiyo ziachwe, ili watoto wetu wasione babu zao wamepiga magoti. Sisi hatukubali hata kidogo. Mfanyakazi anayetaka kujua nguvu ya mkoloni ilikuwa wapi atajifunza zaidi kutoka katika shairi moja la sifa, lililotungwa na mtu mwerevu mwenye watoto wa kulisha, kuliko kutoka katika hotuba kumi. Ataona ni neno gani lililotakiwa, na ni wapi mtunzi alilitia kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Tena mashairi ya sifa hayakuondoka na Gavana. Baada ya 1961 kalamu zile zile zilihamia Mwafrika, Ngurumo na Uhuru, pamoja na mizani yao na vina vyao. Nyingine zilifanya kazi njema ya kuieleza siasa ya nchi, kama ngonjera za Mnyampala zilivyofanya mashuleni kwa miaka mingi. Nyingine zilibadilisha jina la anayesifiwa tu, na sifa zikabaki zile zile hata kwa silabi. Mtu anayejua sifa ya 1935 inasikikaje ataitambua sifa ya wakati wowote mwingine, hata ikiwa imevaa kijani na njano. Kwa sababu hii peke yake magazeti yale yanafaa kusomwa katika matawi.

Vijana wa miaka ya 1970 waliwashtaki washairi hawa kwa njia nyingine. Walisema vina na mizani ni pingu, wakaandika mashairi huru. Akina Kandoro walikasirika, na magombano yakawa makali katika magazeti na vitabu. Hatutaamua kesi hiyo hapa. Twasema tu kwamba aliyetunga chini ya waraka namba 5 alijua pingu ni nini, na vina hazikuwa pingu kwake. Alivitumia kama mwashi atumiavyo timazi.

Twende kwenye jambo lililotufanya tuandike. Shaaban Robert amekusanywa, na diwani zake zimetoka mfululizo baada ya kifo chake. Amri amekusanywa, Mnyampala na Kandoro pia. Hao ni wachache, tena ni wale waliojulikana. Nyuma yao wapo watunzi wengi sana ambao jina lao lilitoka mara moja, mara tatu, mara ishirini, katika Mambo Leo na katika magazeti mengine ya wakati huo, kisha wakastaafu, wakarudi vijijini, wakafa. Wengine walitia sahihi majina ya kupanga ambayo jamaa zao peke yao ndio wanaojua yalikuwa ya nani. Jamaa hao nao wanaondoka. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati wa Uhuru amekwisha kupita miaka sabini. Kila mwaka unaopita, jina moja la kupanga linazikwa pamoja na mtu wa mwisho aliyelifahamu.

Karatasi nazo zinakwisha. Nakala zilizosalia zimo katika maktaba na nyaraka chache, hapa nchini na Ulaya, na karatasi ya gazeti haikutengenezwa idumu: inageuka manjano, inavunjika mikunjoni, na mchwa hawana haja ya kujua kusoma. Nyingine zimo katika masanduku ya wazee, chini ya kanzu na hati za mashamba. Wajukuu wanapogawana vitu, mashamba hugawanywa, na magazeti huwashiwa moto wa jikoni.

Kazi ya kukusanya yafaa ifanywe kwa akili. Shairi la magazeti mara nyingi ni jibu. Ukilitoa peke yake ukalitia katika kitabu kizuri, umemtoa mtu katikati ya mazungumzo ukamwacha anasema na ukuta. Swali na majibu yake yote yakae pamoja, kwa mwezi na mwaka wake, pamoja na mahali mtunzi alipoandikia, kama Ujiji, Songea au Pangani. Tahajia iachwe ilivyokuwa. Neno la kwao lililoingizwa na mtunzi wa bara lisisahihishwe na mtu wa mjini anayedhani ni kosa la chapa. Na pale ambapo gazeti limechapa vibaya, iandikwe kwamba limechapa vibaya, asije mtunzi akalaumiwa kwa mzani uliodondoshwa na mpanga herufi.

Atakayefanya kazi hii atagundua pia kwamba wanawake ni wachache mno katika kurasa hizo. Asidhani hawakuwa na la kusema. Shule ziliwachukua wachache, na ukarani uliwachukua wachache zaidi. Tungo zao zilitoka kwa sauti. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, na sahani hizo zikafika mahali ambapo gazeti halikufika, na kwa watu ambao wasingeweza kulisoma. Shaaban Robert mwenyewe aliliona hilo, akaandika wasifu wake. Kwa hiyo mkusanyaji wa magazeti asikae mbali na mkusanyaji wa santuri.

Hatungoji Serikali ifanye kila kitu. Katika kila tawi la Chama yupo kijana mwenye simu inayopiga picha, na yupo mzee mwenye sanduku. Kijana amwendee mzee wake kwa adabu, amwombe ruhusa, apige picha ukurasa mzima na si shairi peke yake, ili tarehe ionekane, kisha aulize jina la kupanga lilikuwa la nani, na aandike jibu palepale. Picha zipelekwe katika maktaba ya mkoa, na nakala ya pili ikae tawini. Aanze na matoleo ya miaka ya 1939 hata 1954, kwa kuwa ndiyo miaka ambayo askari walikwenda na kurudi, waraka ukatoka, na Chama kikazaliwa. Na akikuta humo shairi la kumsifu Gavana, alipige picha kama mengine.